Barua Zenye Nge

4 Februari

Kaka,

Shikamoo. Wifi hajambo? Mwambie kikapu alichonifungia mikate safari ile bado ninacho, na asitegemee kukiona tena. Binti yenu naye vipi, miguu imeacha kuvimba? Mwambie shangazi yake anakaa na simu mkononi akisubiri habari njema, hata sokoni.

Mimi mzima, mgongo tu. Wamenipa dereva mpya anayeendesha kama amefukuzwa na nyuki. Kazi ni ile ile. Tukiingia sokoni na sanduku letu la mawe ya kukagulia mizani, habari inakuwa imeshatutangulia, na mizani mbovu zote zinapotea chini ya meza. Leo muuza nyama mmoja aliniapia kwa Mungu kwamba mizani yake haina kosa lolote, ila nyama ndiyo hupungua ikishaonwa na mteja. Nilicheka mpaka nikasahau kumwandikia faini, dereva akanikumbusha.

Sasa sikiliza. Chumba nilichofikia kina dirisha dogo linalotazama mfereji wa maji, na kando ya mfereji kuna njia. Kaka, njia! Imeshindiliwa na miguu ya watu mpaka imekuwa ngumu kama sakafu, kokoto hakuna, miti imejipanga upande wa jua la jioni tu. Inateremka kidogo mno, ule mteremko ambao huujui mpaka ugundue kwamba hupigi pedali na bado unakwenda. Hapa tungeendesha! Wewe ungekuwa mbele kama kawaida yako, mimi ningekuwa nyuma nikikulalamikia. Tungetoka kabla ya chai, tungefika pale mfereji unapokata kona, tungepumzika ukingoni, tungerudi kabla dereva hajavaa viatu. Ningekuwa na baiskeli hapa wala nisingelalamikia mgongo.

Lakini gari limejaa mawe, na jioni ni ripoti. Nilikaa dirishani nikaendesha kwa macho mpaka njia ikaishia kwenye miti.

Mdogo wako,
Kengele

23 Februari

Kengele, mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima wote, na tumeongezeka. Binti amejifungua mtoto wa kike. Mama mzima, mtoto mzima, baba yake ndiye aliyezimia. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, lakini huyu wa kwetu amekuja na kelele kuliko majuto yoyote niliyowahi kuyasikia. Kwa hiyo pokea hongera zako, wewe sasa ni bibi. Mkwe wetu aliiona sahihi yako akaniuliza kwa nini mkaguzi mzima wa mizani anajiita Kengele. Nikamweleza kwamba baiskeli yangu ya ujana haikuwa na kengele, ikabidi nikupakie kwenye bomba la mbele upige kelele watu wapishe. Akasema, "Kumbe bado anapiga." Huyu kijana ameanza kutuzoea.

Barua yako nimeisoma na nimeisahihisha. Mimi nimestaafu, kalamu nyekundu haijastaafu. Nimezungushia kila nge niliyoiona: tungeendesha, ningekuwa, tungefika, tungepumzika, tungerudi. Ukurasa umekuwa mwekundu kama umeugua surua. Miaka yote nimefundisha watoto wa watu kwamba hiyo -nge- ni ya jambo ambalo halipo, na anayelisema anajua kwamba halipo. Na nikawa nawaambia wasilisahau kwa kuwatajia yule mdudu mwenye mwiba mkiani. Hata jina lako limemficha mmoja tumboni, litazame vizuri. Punguza nge, Kengele. Nyumba yangu ina mtoto mchanga.

Dawa ninayo. Baiskeli yako nimeifungua yote, nimeosha cheni kwa mafuta ya taa, nimebadili mpira wa nyuma, breki zinashika. Njoo mwezi wa nne. Tupande kile kilima chenye mnara wa simu, tukae juu, tutazame bonde lote mpaka kwenye reli. Nataka twende mwaka huu, tena isifike katikati ya mwaka. Sababu usiulize. Mwalimu haulizwi sababu.

Karatasi hizi kubwa ni za kuchorea. Nilimtuma wifi yako dukani, akaleta anazozijua yeye.

Kaka yako

18 Machi

Kaka, na sasa babu,

Shikamoo. Hongereni, hongereni, hongereni! Nimewatangazia ofisi nzima. Lakini hukuniambia uzito wa mtoto, na ukiniambia nitauliza mlimpima kwa mizani gani na ilikaguliwa lini. Mbusuni huyo bibi mdogo kwa niaba yangu. Wifi apumzike, najua ndiye anayeamka usiku, wewe unakoroma.

Niko kwenye mji wa viwanda. Moshi, malori, vumbi jeusi kwenye mashuka. Unaweza kudhani hapa baiskeli haina pa kupita, na mimi nilidhani hivyo mpaka jana. Tulikwenda kukagua mizani ya malori nje ya mji, na pale nikaona tuta la reli ya zamani. Vyuma vimeng'olewa, limebaki tuta lenyewe, limenyooka, limepanda juu ya mashamba. Nilimwomba dereva asimamishe gari nikajifanya natafuta simu. Kaka, pale ungefurahi! Upepo ungekuwa mgongoni kwenda, na kurudi tungeinama tu. Kuna daraja dogo la mawe, chini yake maji. Tungekaa pale. Ungenifundisha tena kuziba pancha na mimi ningejifanya sijui.

Najua umeshachukua kalamu. Zungushia, nge zangu hazijawahi kumuuma mtu.

Na wewe umezidi! Herufi zako zimekuwa kubwa hivyo kwa nini? Maneno matatu yanajaza mstari. Unaniandikia kama wale wako wa darasa la kwanza.

Kuhusu mwezi wa nne, kaka, haiwezekani. Wameniongezea wilaya nyingine, na mkuu wetu anakaribia kustaafu, kila mtu anatazamwa. Mwezi wa sita nakuja. Ahadi ni deni.

Kengele

10 Aprili

Kengele,

Marahaba. Wa sita, sawa. Baiskeli hazili majani, zitangoja.

Mtoto anaongezeka. Kliniki wamempima, wifi yako ameandika uzito nyuma ya bahasha kwa ajili yako, na amesema mizani ilikuwa na muhuri wa mwaka huu, aliutafuta makusudi huku nesi akimshangaa.

Hiyo reli umeieleza vizuri. Niliona hata lile daraja. Kazi yako ungekuwa unaifanya kwa baiskeli serikali ingepata hasara na wewe ungepata afya. Hapo nimetumia tatu, nimejizungushia mwenyewe, haki sawa.

Nimeacha kwenda kufundisha masomo ya jioni. Watoto siku hizi wana makelele. Sina zaidi.

Kaka yako

Wifi, ni mimi. Yeye amekwenda kujinyoosha, nami nimepewa barua niifunge. Kuna jambo amenikataza kukuambia, na unajua mimi sivunji neno la mume wangu, kwa hiyo silisemi. Nakuambia ya nyumbani tu. Juzi alinimiminia chai, akaimimina pembeni ya kikombe, juu ya meza, akaendelea kumimina huku ananisimulia habari. Jana aliiamkia nguo iliyoanikwa. Masomo ya jioni hakuacha kwa sababu ya makelele. Nimemaliza. Njoo, wifi yangu. Wa sita ni mbali.

2 Mei

Kaka,

Shikamoo. Wifi namsalimu sana, salamu zake nimezisoma. Uzito wa mtoto nimeubandika juu ya meza yangu ya kazi. Mwambie nesi nampongeza.

Huku mvua imegeuza barabara kuwa uji. Gari limezama mara mbili, na mara zote mbili nimelisukuma mimi, kwa sababu dereva anasema lazima abaki kwenye usukani. Chumba changu kinavuja juu ya kitanda, nimehamisha kitanda, sasa mlango haufunguki wote. Ninaingia kwa ubavu.

Lakini jana mvua ilipokata niliona vilima nyuma ya ghala. Vidogo vidogo, vya kupanda bila kushuka kwenye kiti, ukifika juu unaachia tu mpaka unapanda kinachofuata kwa kasi ya kile cha nyuma. Kuna watoto walikuwa wanashuka na matairi ya gari. Nikawaza, kaka angewaonyesha!

Ndani ya kifurushi hiki kuna miwani. Muuzaji alikuwa nazo nyingi, nikachagua yenye nguvu. Umri huo, kaka, sote tunaelekea huko, hata mimi siku hizi nasoma namba za mizani kwa mkono mrefu. Ivae wakati wa kusoma na kuandika, utaona herufi zinarudi kuwa ndogo.

Mwezi wa sita haujathibitika. Nitakujulisha.

Kengele

27 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Miwani imefika. Inanikaa vizuri puani na wifi yako anasema nimekuwa kama hakimu. Asante.

Sasa weka mawe yako chini unisikilize, kwa sababu naona barua zetu zimekuwa mchezo wa kibe, wa kujificha na kutafutana. Najua wifi yako alikuandikia. Aliniambia mwenyewe siku ile ile. Hajui kuficha, ndiyo maana nilimwoa. Na wewe umenijibu kwa miwani.

Haya, ni presha ya macho. Daktari anasema ilianza zamani kimyakimya, na kilichokwisha kwenda hakirudi, kwa dawa wala kwa kisu. Jicho la kulia limefungwa. La kushoto nina kama tundu la ufunguo. Ninachokielekea nakiona, cha pembeni hakipo. Anasema matone yatachelewesha mambo. Nilimuuliza mpaka lini, akaniambia mwalimu, usinipe mtihani.

Kwa tundu hilo hilo naweza bado kupanda baiskeli kama mtu atanitangulia. Nimejaribu uani. Wewe utakuwa mbele, mimi nitashika mgongo wako kwa jicho, na juu ya kilima nitatazama polepole, kipande kwa kipande. Ndiyo shida yangu yote. Sitaki dawa kutoka huko, sitaki kitu cha kuvaa. Nataka twende.

Mtoto amecheka jana kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimemwelekea, nikaona.

Kaka yako

11 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako kwenye ngazi za ofisi na sikuweza kuingia ndani. Dereva akadhani kuna msiba.

Nakuja. Mwezi huu mkuu anamalizia hesabu za nusu mwaka na hakuna anayeruhusiwa kutoka, lakini mwezi wa nane likizo yangu ipo, nimeshajaza fomu, imeshapigwa muhuri. Tarehe tano nitakuwa kwenye basi. Matone usiache hata siku moja. Nitakutangulia polepole, sitakukimbia. Jaza upepo, na wifi asinipikie chochote, aniwekee maji ya kuoga tu.

Sikuandikii habari ya njia yoyote leo.

Kengele

6 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Jana ningekuwa kwenye basi. Mkuu ameanguka kwa shinikizo la damu, amelazwa, na tarehe saba wanakuja wageni wa wizara kukagua kazi ya mkoa mzima. Wamenikaimisha mimi. Ningekataa, ofisi ingebaki bila mtu. Ni wiki chache tu kaka, wakiondoka naondoka.

Nisamehe. Nisalimie wote.

K.

14 Septemba

Kengele,

Anayeandika ni wifi yako. Mimi nasema, yeye anaandika, na akichoka anafupisha. (Sifupishi. Wifi, usimsikilize.)

Marahaba ya ile ya mwezi wa nane. Tunasikia mkuu wako ametoka hospitali, tunamshukuru Mungu. Mtoto ameota meno mawili, kaning'ata nayo kidole.

Lile tundu limezibika. Ilikuwa siku ya kawaida tu, nilikuwa natafuta soksi. Sasa najua dirisha liko wapi na kwamba ni mchana, basi. Usianze kulia hapo ulipo, mimi nimeshalia na wifi yako ameshalia, zamu imekwisha. (Haijaisha.)

Nina habari moja ya kukupa, na sikupi ili ikuume, ila nikiificha nitakuwa nimerudi kwenye ule mchezo wetu. Yule jirani yetu fundi cherehani alikuja mwezi wa saba. Akasema, Mwalimu, mimi nina baiskeli, nitatangulia mbele na shati jekundu, wewe fuata shati, tufike kilimani turudi. Nikamwambia asante, ninaye wa kwenda naye. Akaja tena mwezi wa nane, siku ile uliyosema utakuwa kwenye basi. Tulikuwa tumekaa barazani, baiskeli zote mbili ziko nje, nimezifuta. Akasema, hata leo tunaweza. Nikamwambia nangoja mtu.

Unakumbuka nilivyokusumbua kwa kalamu nyekundu. Kuna somo la pili ambalo sikukufundisha, kwa sababu watoto hulichanganya na mimi nilichoka kulieleza. Hii -nge- yako bado ina mlango nyuma yake. Ukitaka, unainuka unakwenda. Ipo nyingine, -ngali-, ya jambo ambalo wakati wake umepita na mlango umefungwa. Ningalikwenda na fundi cherehani, ningaliona. Hiyo ndiyo yangu. Ipo sahihi kabisa, wala haihitaji kuzungushiwa.

Kazi njema. Kula vizuri.

Kaka yako (kwa mkono wangu mimi, na mkono umechoka)

5 Oktoba

Kaka, na wifi msomaji,

Shikamooni. Wifi, soma polepole, na usiruke mahali popote hata kama unaona nimejidhalilisha.

Kaka, mkuu hakunilazimisha. Aliniita kitandani kwake akauliza, "Utaweza?" Tulikuwa watatu pale, na yule mwenzangu mmoja alikuwa tayari, alikuwa ameshafungua mdomo. Nikasema nitaweza kabla hajapata pumzi. Nilitaka kile kiti. Nimekipata, kina gurudumu moja bovu, na nikikaa kinanizungusha kuelekea ukutani.

Na herufi zako niliziona zikikua tangu mwezi wa pili. Nilijua. Mtu anayesoma mizani kila siku anajua kitu kikibadilika. Nilinunua miwani ili uwe mtu anayehitaji miwani. Nilikuwa naogopa nikija nitakukuta unapapasa ukuta, na mimi kaka yangu ni yule wa mbele kwenye baiskeli, sikuwa na mwingine. Kwa hiyo nikawa nakuandikia njia. Majuto ni mjukuu, ulisema, na mimi wangu huyu hachekeshi.

Wiki iliyopita tulirudi kwenye ule mji wa mfereji. Niliazima baiskeli ya mwenye nyumba ya wageni. Ni ya mwanamume mrefu, kiti hakishuki, nilipanda kwa kutumia ngazi ya mlango, watu wakisimama kutazama. Nikaingia kwenye njia yangu ile. Mwanzo ni mgumu kama nilivyokuambia, lakini baada ya nyumba ya tatu ni mchanga, gurudumu linazama hadi rimu. Mteremko haupo. Nilipima vibaya, njia inapanda. Mfereji unanuka mzoga wa mbwa. Mbwa mzima naye alitoka akanifukuza, nikaanguka upande wa miba, goti limechubuka, sketi imechanika mbele ya kina mama waliokuwa wanafua. Mmoja akaniuliza, "Mama, kwani unakwenda wapi?" Nikainuka, nikaendelea mpaka kwenye kona. Kwenye kona hakuna kitu, kuna pampu iliyoharibika. Nikakaa ukingoni nikalia, kisha nikarudi nikiikokota.

Nimefika, kaka. Wifi, mwambie hakuna nge hata mmoja aliyeuma safari hii, ni miba tu.

Tiketi ninayo, si fomu, tiketi. Tarehe kumi na mbili mwezi ujao. Kiti nimemwachia yule mwenzangu hadi nirudi, na akikipenda akae. Nitakupakia kwenye keria, tutapanda kilima.

Kengele

8 Desemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Tumefurahi kusikia umerudi kazini salama na kwamba dereva wako sasa amepata busara baada ya kugonga lango la ofisi. Mtoto anakutafuta. Kila akisikia baiskeli nje anatambaa kwenda mlangoni. Fundi cherehani ameshona ile sketi yako, wifi yako atakutumia. (Nimeifupisha kidogo, ilikuwa ya bibi kizee.)

Mapaja bado yananiuma kwa kukaa kwenye keria. Maisha yangu yote nimepakia watu, kumbe kupakiwa ni kazi. Ulikuwa unahema kama treni ya mizigo, na pale penye mwinuko nilikuambia nishuke, ukakataa, ukaniambia mwalimu, kaa kimya. Watu wamesimulia mtaa mzima. Mkwe wetu anasema alikusikia kabla hajakuona.

Kule juu ulinieleza vizuri. Bonde, mashamba yalivyokatwa vipande, reli, lile behewa lililokaa peke yake, moshi wa mtu anayechoma majani. Hukuongeza kitu, nilijua, kwa sababu ulikuwa unasita. Ningekuwa bado natoa alama ningekupa zote. Halafu ukaanza kulia ukageuzia uso pembeni ili nisisikie, na mimi nikajifanya nasikiliza upepo.

Kuna jambo sikukuambia pale, na ukiwa nyumbani sikuliweza pia. Wifi yako ameniambia nikitaka kulisema niliseme sasa, kalamu iko mkononi mwake.

Kilima nakijua, Kengele. Nilikipanda mnara haujawekwa. Ukiniamsha usingizini nitakuchorea bonde lote, mashamba, reli na makalavati yake. Sikuwa na haja ya kukiona. Lakini mtu mzima hawezi kumwandikia mdogo wake barua akamwambia, njoo nikutazame. Nilitafuta shughuli. Hesabu zangu zilikuwa kwamba wewe utatangulia, mimi nitafuata, na tukifika juu utageuka kuniuliza kama nimechoka.

Tangu uondoke kwenda kwenye hiyo kazi hukuwahi kurudi mpaka mwezi uliopita, na picha hujatuma, unasema kamera inakunenepesha. Nimemuuliza wifi yako umekuwaje. Anasema umejaa mashavuni, una mvi pembeni, na ukikunja uso ni marehemu mama mtupu. Nimejaribu kumweka mama kwenye sura yako, nimejaribu kuziweka hizo mvi. Havikai. Ninayo ile ya kituo cha basi tu, siku uliyoondoka, una sweta ya kijani, unanipungia mkono wa kulia huku unatazama saa kwenye wa kushoto.

Nitakwenda na hiyo hiyo.

Kaka yako